Mstari Mmoja Katika Kitabu cha Injini

Kila siku baada ya shule, Plagi alipitia nyumbani kuvua sare, akala alichowekewa, kisha akavuka barabara kwenda karakana ya mjomba wake. Plagi halikuwa jina alilopewa na wazazi. Alipewa na wateja wa mjomba, kwa sababu alikuwa mdogo wa umbo, hatulii, na ukimgusa kidogo tu anawaka kama plagi ya injini. Mama yake, ambaye alikuwa mshonaji, alizoea kumtania kwamba mabinti wa wenzake jioni wananukia sabuni, wa kwake ananukia petroli. Plagi alikuwa akicheka tu na kwenda zake.

Mjomba alikuwa fundi wa redio. Mbele ya karakana alitengeneza redio na simu za watu, na hiyo ndiyo kazi iliyomlisha. Chumba cha nyuma kilikuwa cha ndege. Hizo ni ndege ndogo za mbao nyepesi, mabawa yake yana urefu wa mlango, nazo huongozwa kutoka chini kwa rimoti. Mjomba, seremala wa jirani, mwalimu wa sayansi na wanafunzi sita walikuwa wameunda kundi lao la kuzijenga na kuzirusha. Seremala alikuwa bingwa wa mabawa, mwalimu alikuwa bingwa wa hesabu, na mjomba ndiye aliyekuwa rubani.

Injini za ndege hizo ni ndogo, zinaenea katika viganja viwili, lakini si za kuchezea. Zinakunywa petroli kama injini za misumeno ya kukatia miti, na pangaboi lake likizunguka halionekani, linasikika tu. Kwa hiyo kila injini ilipewa mwenyewe. Mwenye injini si aliyeinunua, bali ni yule anayeiangalia na kuisemea. Kila inapoendeshwa mezani, yeye huandika katika kitabu kikubwa chenye jalada la buluu: mafuta gani, dakika ngapi, na injini imefanyaje. Kabla ya ndege kuruka, rubani husoma mstari wa mwisho kwa sauti mbele ya watu wote, na mwenye injini hujibu, “Ndivyo.” Asipojibu, ndege hairuki.

Mwaka huo injini mpya ilipoletwa, mjomba alimkabidhi Plagi. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kuwa mwenye injini kabla yake. Seremala alinung'unika kwamba kitu kipya kama kile hakipewi mtoto, lakini mjomba alikuwa amekwisha kata kauli. Usiku ule Plagi hakulala vizuri kwa furaha, na kwa wiki nzima shuleni alitembea kifua mbele hadi rafiki yake Kidoti akamwambia apunguze, asije akajikwaa.

Injini mpya haipelekwi angani moja kwa moja. Huendeshwa kwanza mezani, polepole, siku kadhaa, ili vyuma vyake vizoeane. Tena petroli yake ni lazima ichanganywe na oili, kwa sababu hakuna oili nyingine inayolainisha vyuma vya ndani. Kundi lilikuwa na utaratibu wake kuhusu jambo hilo. Anayemaliza dumu la mafuta ndiye anayetangulia kutia oili ya dumu linalofuata, vikombe viwili vidogo, dumu likiwa tupu. Atakayekuja na petroli anaimimina juu yake, na mafuta yanajichanganya yenyewe. Hivyo hakuna aliyehitaji kuuliza kama oili imetiwa au haijatiwa.

Jumatano moja Plagi alimaliza dumu. Chupa ya oili ilikuwa rafu ya juu, kiti kilikuwa mbele kwa wateja, na mama alikuwa anamwita kutoka ng'ambo ya barabara aende akapige pasi gauni la mteja. Alijiambia kwamba oili ataitia kesho. Kesho yake alipofika, alikuta mjomba amekwisha leta petroli na kujaza dumu, injini imebanwa mezani kwenye jiliwa na tangi lake limejaa. Plagi hakukumbuka chochote. Kichwani mwake kulikuwa na Jumamosi tu, siku ya sayansi shuleni, ambapo ndege ingeruka kwa injini yake mbele ya shule nzima.

Mjomba aliiwasha, akaisikiliza, akaridhika. Mara mteja akagonga meza ya mbele kwa fujo, mjomba akamwachia Plagi saa na swichi ya kuzimia, akamwambia akae nyuma ya injini, asogee popote ila mbele ya pangaboi. Plagi akakaa. Dakika ya tatu, shwari. Dakika ya tano, shwari. Dakika ya sita akasikia sauti ambayo hajawahi kuisikia, sauti nyembamba ya chuma kinachosuguana na chuma, kama mlango mkavu unaofunguliwa haraka. Kabla hajaifikia swichi, injini ikazima yenyewe.

“Mbona kimya?” mjomba aliuliza kutoka mbele.

“Nimeizima ipumzike,” Plagi alijibu.

Maneno yalimtoka kabla hajayapima. Alijaribu kulizungusha pangaboi kwa mkono, likagoma kabisa. Akatazama dumu. Oili yao ilikuwa ya kijani, na petroli iliyochanganywa nayo huwa na kijani hafifu, lakini yaliyokuwa ndani ya dumu lile yalikuwa meupe kama maji. Hapo ndipo alipokumbuka rafu, kiti na sauti ya mama. Injini mpya, injini yake, na mtu wa kwanza kuinyima oili ni yeye mwenyewe.

Alisimama juu ya ndoo, akaifikia chupa, akatia vikombe viwili ndani ya dumu na kulitikisa. Alimwaga mafuta ya tangi na kulijaza upya. Akangoja injini ipoe, akiipuliza kwa pumzi kana kwamba pumzi yake ingesaidia kitu. Baada ya robo saa alijaribu tena pangaboi, likazunguka. Kulikuwa na mkwaruzo mdogo ndani, mdogo sana, wa kusikika kwa mkono kuliko kwa sikio. Alijishawishi kwamba hakuna kitu. Kisha akafungua kitabu cha buluu na kuandika kwa mwandiko wake mzuri: Alhamisi. Mafuta ya kuchanganya. Dakika ishirini. Imekwenda vizuri, haikusumbua.

Usiku ule Plagi aliacha chakula sahanini. Mama alimgusa shingo kuona kama ana homa, akamuuliza kulikoni. Plagi alisema amechoka. Angeweza kusema, kwa maana mama hakuwa mkali, lakini kila alipoufungua mdomo alimwona seremala akitikisa kichwa na kusema si niliwaambia. Alimwona pia mjomba akimpa mtu mwingine injini. Hilo la pili lilimuuma zaidi, akafyata ulimi.

Ijumaa mjomba aliifunga injini kwenye ndege na kuijaribu kwa dakika mbili. Iliwaka mara moja. Mjomba akamsifu Plagi kwa kuilea vizuri, na Plagi akatazama chini. Moyoni alianza kuamini kwamba injini imepona, kama kidonda kinavyopona kikiachwa.

Jumamosi uwanja wa shule ulijaa. Mwalimu wa sayansi alikuwa amefunga kamba ndefu kando ya madarasa, wanafunzi wakapangwa nyuma yake, na watoto wa awali wakakalishwa mbele kabisa juu ya mikeka, karibu na kamba, waone vizuri. Mwalimu alitangaza kwamba ndege itazunguka uwanja mara tatu. Mara mbili za kwanza itapita juu, na ya tatu itatokea upande wa madarasa na kushuka chini ipite mbele yao, wapunge mikono.

Mjomba alifungua kitabu cha buluu. Alisoma kwa sauti ule mstari wa Alhamisi, neno kwa neno, kisha akamtazama Plagi. Uwanja mzima ulimtazama Plagi. Kidoti, aliyekuwa amepiga goti akishika mkia wa ndege, alimkonyeza. Seremala alisimama pembeni na mikono yake yenye gundi iliyokauka, na safari hii alikuwa anatabasamu.

Ilikuwa nafasi ya Plagi kusema kweli, na aliijua. Lakini watu mia tatu ni wengi kwa msichana mmoja, na neno lilikuwa fupi.

“Ndivyo,” alisema.

Injini ikanguruma, Kidoti akaachia mkia, ndege ikakimbia kwenye majani na kuondoka ardhini. Watoto walipiga kelele mpaka mikeka ikatikisika. Ndege ilipanda, ikageuka upande wa goli la mbali, ikarudi juu yao na jua likipita katika mabawa yake meupe. Mtu yeyote mwenye injini angelia kwa furaha. Plagi alikuwa amekunja vidole vya miguu ndani ya viatu, anasikiliza.

Mzunguko wa kwanza ulikwisha. Mzunguko wa pili, ndege ilipokuwa upande wa goli, aliisikia. Chini ya ngurumo kulikuwa na ile sauti nyembamba ya Alhamisi, ya chuma kwa chuma. Aliwatazama watu. Hakuna aliyeshtuka. Mwalimu alikuwa anapiga makofi, seremala anaeleza mtu habari za mabawa, mjomba ametulia na vidole vyake kwenye rimoti. Katika uwanja ule wote ni yeye tu aliyeijua sauti hiyo, kwa sababu ni yeye tu aliyewahi kuisikia.

Ndege ilianza kugeuka kuelekea madarasa. Ikifika kule ingeshuka, na mbele yake kulikuwa na kamba, na nyuma ya kamba watoto wa miaka mitano wamekwisha nyanyua mikono yao kupunga. Plagi alipiga moyo konde, akasogea hadi begani kwa mjomba.

“Mjomba, ishushe sasa hivi. Alhamisi ilikwama. Niliiendesha bila oili, nikaandika uongo.”

Mjomba hakumtazama. Kidole chake kilivuta resi nyuma, na ndege, badala ya kuendelea kuelekea madarasa, ikainama upande wa pili na kurudi juu ya uwanja mtupu. Kwa sauti ya kawaida kabisa alimwambia seremala awaondoe watoto. Seremala alifungua mdomo kuuliza kisa, akaona uso wa mjomba, akawakimbilia watoto. Mwalimu alipuliza filimbi. Watoto wa awali walianza kurudishwa barazani, wengine wakilia kwa sababu hawakupata kupunga.

Injini ikazima. Ngurumo ilikatika ghafla. Ndege ilikuwa juu ya katikati ya uwanja, nzito, haina nguvu yoyote isipokuwa mabawa yake. Mjomba alitangulia hatua mbili mbele, magoti yamekunjika kidogo, midomo imebanwa. Aliielekeza kwenye majani marefu nyuma ya goli, mahali pasipo na mtu. Ilishuka haraka kuliko Plagi alivyotegemea. Iligusa mara moja, ikaruka, ikagusa tena, magurudumu yakang'oka, na ndege ikasota kwa tumbo mpaka majani yakaimeza.

Hakuna aliyeumia. Mjomba aliweka rimoti chini, na Plagi aliona kwamba vidole vyake vilikuwa vinatetemeka. Hajawahi kuiona mikono ya mjomba ikitetemeka, hata anapounganisha nyaya nyembamba kama nywele. Hilo lilimwingia kuliko kofi. Akakaa chini pale pale na kulia, na Kidoti akaja kukaa karibu naye bila kumwuliza kitu.

Adhuhuri kundi zima lilikusanyika chumba cha nyuma cha karakana. Mama naye alikuja, na sindano bado imechomekwa kwenye ukosi. Mjomba aliifungua injini juu ya gazeti. Pistoni, ambayo ilipaswa kung'aa kama kijiko, ilikuwa imechunika upande mmoja, na ringi, ile pete inayoizunguka, ilikuwa imekatika vipande viwili. Alivipitisha vyuma hivyo mikononi mwa watu wote, akampa Plagi wa mwisho, akamwambia aeleze yote kuanzia mwanzo. Plagi akaeleza habari za Jumatano, chupa, rafu, mafuta meupe, pangaboi lililogoma, mstari katika kitabu, na neno alilojibu uwanjani. Hakumtaja mama aliyemwita. Alisema tu kwamba alisahau, kisha akaogopa.

Seremala ndiye aliyelipuka. Alisema miezi mitatu amekesha na mabawa yale, akauliza kama mtu anajua kupinda mbao bila kuivunja kunataka nini. Akasema kazi ya watu wazima imetiwa mikononi mwa watoto na matokeo yake ndiyo haya. Mwalimu alijaribu kumtuliza, wapi. Plagi hakujitetea. Alilifuata kila neno kwa kichwa kilichoinama, na maneno yote aliyaona ya haki.

Mjomba alimwacha seremala amalize pumzi. Kisha akamsogezea Plagi kitabu cha buluu na kalamu.

“Ule mstari wa Alhamisi usiufute,” alimwambia. “Uache watu wauone. Chini yake andika kilichotokea.”

Plagi aliandika polepole. Mwandiko haukuwa mzuri safari hii. Aliandika kwamba dumu halikuwa na oili, kwamba injini ilikwama dakika ya sita, kwamba aliificha, na kwamba imekufa angani leo. Alipomaliza akasukuma kitabu mbele, akamwambia mjomba kwamba anajua hawezi kuendelea kuwa mwenye injini, amkabidhi mwingine.

“Nani aliyekwambia?” mjomba aliuliza. “Injini iliyoharibika nayo ina mwenyewe. Utaisugua silinda hii kwa mkono wako mpaka iwe laini, tutatafuta ringi, na kila jioni utaiendesha mezani upya kama iliyonunuliwa jana. Kuruka haitaruka mwaka huu. Hiyo ndiyo adhabu yako, na nadhani unaiona ni ndogo. Subiri uanze kusugua.”

Kidoti alicheka kidogo, akaziba mdomo. Mama alishusha pumzi.

“Sasa nisikilize, mpwa wangu, na ninyi wote,” mjomba aliendelea, na sauti yake ilikuwa nzito. “Kusahau oili ni kosa dogo. Mimi mwenyewe nilimimina petroli bila kutazama rangi, kwa hiyo sehemu ya kosa ni yangu. Lau ungeniita Alhamisi, tungefungua injini hii, tungecheka, tungeirekebisha. Ulipoandika vile, kosa dogo likapanda angani na kuwa juu ya vichwa vya watoto. Mimi siwezi kuona ndani ya chuma. Ninaona kwa macho yako. Ukiniandikia uongo, umenifunga kitambaa usoni halafu umenipa rimoti. Leo umesema ukiwa umechelewa sana, mbele ya wote, na ukijua utaaibika. Ungengoja mpaka ishuke upande wa madarasa, nisingekuwa na la kufanya. Kwa hilo ninakushukuru. Lakini sitaki tena ujasiri wa dakika ya mwisho. Nataka wa dakika ya kwanza, kosa lingali mezani.”

Seremala alikuwa anachuna gundi kwenye kidole gumba. Alichuna kwa muda mrefu, kisha akanyoosha mkono na kukivuta kitabu. Alifungua kurasa za nyuma, za mwezi uliopita, zilipoandikwa habari za injini yake ya zamani. Aliitafuta tarehe fulani, akaipata, akaitazama kama mtu anayetazama picha yake mbaya.

Alisema, bila kumwangalia mtu, kwamba pale alipoandika ekzosi, bomba la moshi, ni nzima, haikuwa nzima. Ilikuwa na ufa. Aliona ufa ule siku ile ile, lakini mwalimu alikuwa amekwisha waalika wageni, na yeye ndiye mkubwa wa kundi, akaona aibu.

“Iliruka mara nne na ufa ule,” alisema. “Bahati tu.”

Akaomba kalamu. Plagi ndiye aliyekuwa nayo, akampa kwa mikono miwili. Seremala aliandika chini ya mstari wake wa zamani, herufi kubwa zisizonyooka, na alipomaliza, mwalimu wa sayansi akakohoa na kusema kwamba hata yeye kuna hesabu moja ya uzito angependa kuiangalia tena.

Mjomba akatoa karatasi ya msasa kwenye droo, akaichana nusu, na kumpa Plagi pamoja na ile silinda. Plagi akavuta kiti karibu na dirisha penye mwanga, akaanza kusugua.